Kadi Nyekundu na Ndoo ya Maji

Sipendi kupiga makofi. Watu huniona kwenye harusi nimekaa mikono mapajani huku wenzangu wakishangilia, wakadhani nina majivuno. Sina majivuno. Ni kwamba katika shule yangu ya sekondari, huko Kolwezi, makofi ndiyo yaliyokuwa yakitutawala, na nilipofika miaka kumi na sita nilikuwa nimeyachoka kabisa.

Kiongozi wa darasa hatukumchagua. Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita prefe, aliingia, akataja jina moja, tukasimama, tukapiga makofi, basi, shefu wa darasa amepatikana. Wazazi wetu nao waliwahi kupata viongozi kwa njia hiyohiyo. Majina yalisomwa uwanjani, umati ukapiga makofi, kila mtu akarudi nyumbani kupika. Nani angethubutu kuacha kupiga wakati jirani anamtazama mikono?

Shefu wetu mwaka ule alikuwa mtoto wa bwana mmoja mkubwa wa kampuni ya migodi. Shati lake lilipigwa pasi kila siku, hata siku ambazo umeme ulikatika, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Hakuwa mbaya moyoni, nasema kweli. Alikuwa amezoea tu. Kila Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya bure iliyofanywa na nchi nzima, na yeye ndiye aliyeigawa. Wavulana wa kawaida walikata majani. Wasichana tulichota maji kwenye bomba lililokuwa ng'ambo ya reli, tukamwagilia bustani ya shule na ile ya prefe. Yeye na marafiki zake walibaki darasani "kusimamia", ingawa kutoka dirishani hawakuweza kuona majani wala maji. Na saa zilezile mwalimu wa hesabu alikuja kurudia masomo pamoja na yeyote aliyemkuta darasani. Unajua mwenyewe aliwakuta akina nani.

Hesabu zilikuwa zinanimaliza. Baba yangu alikuwa mtu wa Maniema, mfanyabiashara mwenye lori lake, na hakuwa na tabia ya kurudia maneno. Siku moja baada ya swala ya alasiri aliniita uani.

"Ukianguka mwaka hii, masomo imeisha," alisema. "Utaenda Fungurume kwa shangazi yako, utamusaidia kuuzisha bitambaa ku soko."

Sikuwa na ugomvi na Fungurume. Nilikuwa nimeshapita huko mara nyingi ndani ya lori la baba, nikala mihogo ya kuchoma na kurudi nyumbani. Nilitaka tu kuendelea kurudi nyumbani. Kwa hiyo kila Jumamosi, ndoo kichwani, nilipopita chini ya dirisha la darasa na kusikia chaki ikigonga ubao, nilihisi kwamba maisha yangu yanaandikwa mle ndani na mimi sipo.

Ndipo nchi ikapiga kura ya kumthibitisha rais, na darasa letu likafanywa kituo. Sisi ambao umri haukutosha tulikuwa na kiu ya jambo lile kuliko watu wazima wenyewe. Tulisukumana madirishani toka asubuhi, tukipigana viwiko, kila mmoja akitaka kuona kura inafananaje. Kila mpiga kura alipewa kadi mbili, kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana. Moja aliitia ndani ya sanduku, nyingine aliiangusha sakafuni. Hakukuwa na haja ya askari, maana kadi iliyobaki chini ilisema kila kitu. Watu waliangusha nyekundu mbele ya macho ya wote, wengine wakiishika kwa ncha za vidole. Nilimwona baba akiangusha yake. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, na alitoka bila kumtazama mtu.

Masomo yalipofunguliwa tena, wasichana tulitumwa kufagia. Sakafu yote ilikuwa nyekundu. Rafiki yangu mkubwa, binti wa mfanyakazi wa usine, kile kiwanda cha kusafisha shaba, mmoja wa watu waliokuja kutoka Kasai zamani kwa ajili ya migodi, alisimama katikati na ufagio wake, akauegemea kwa kiuno. Yule msichana alikuwa na mdomo wa kukata kamba.

"Ona bantu bakubwa!" alisema. "Kama bangeweka tu ndoo moja ya kufunika pale, kila muntu atupe ya kubakia mule ndani, nani angejua nani alitupa gani?"

Alisema kwa mzaha, tukacheka, tukazichoma zile kadi nyuma ya vyoo kama tulivyoagizwa. Lakini ile ndoo haikunitoka kichwani.

Wiki ileile mwalimu wa uraia, kijana mpole aliyetoka upande wa Musumba, aliandika ubaoni kwamba kura ni ya siri. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kura ya shefu wa darasa?"

Darasa likaguna. Mwalimu alitazama chaki yake, akasema atauliza. Nilidhani ananikwepa. Kumbe aliuliza kweli, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kesho yake prefe aliingia mwenyewe, akitabasamu kama mtu anayewapa watoto pipi.

"Munataka kura? Muzuri sana. Mutakata karte za kijani na za nyekundu, sawa na baba zenu. Shefu wenu atakuwa kijani. Mwenye kushindana naye atakuwa nyekundu. Ni nani?"

Nikajikuta nimesimama.

"Ni miye, Sitwayeni Prefe," nikasema, maana miaka ile kila mtu alikuwa raia na ndivyo tulivyoitana. "Aksanti sana."

Wakacheka mpaka madawati yakatikisika. Mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikusikia walichokuwa wanacheka. Ni rafiki yangu aliyenifumbua macho tulipokuwa tunavuka reli kwenda nyumbani.

"Weye! Banakupatia nyekundu, na unasema aksanti? Ile rangi hata baba yako anaiogopa. Nani ataigusa mbele ya bantu?"

Nilikuwa nimeomba kura na nimepewa kaburi, tena nimeshukuru. Nililia kidogo, nakiri, lakini kwa hasira. Kisha nikakumbuka maneno yake mwenyewe ya siku ile ya ufagio.

Asubuhi nilibisha kwenye ofisi ya prefe.

"Sitwayeni Prefe, naomba tu ndoo moja yenye kifuniko."

"Ndoo ya nini?"

"Ya kutupa karte za kubakia. Sakafu itachafuka, na kufagia ni shiye bana banamuke."

Alinisifu. Alisema msichana anayependa usafi atapata mume mzuri. Niliinamisha kichwa kwa heshima, nikatoka nikiuma midomo ili nisicheke mlangoni pake.

Siri nilikuwa nimeipata. Kura zilikuwa bado. Kwa sauti za chini niliwaahidi wenzangu kwamba nusu ya darasa itafanya salongo na nusu itarudia masomo, na Jumamosi inayofuata tutabadilishana, wavulana kwa wasichana, bila kuuliza baba wa mtu ni nani. Walipenda. Lakini nilipotaja rangi yangu, walirudi nyuma. Mvulana mmoja mrefu wa nyuma kabisa, hodari wa kukata majani, aliniambia wazi: "Maneno yako ni ya kweli. Lakini ile rangi inaletaka matata. Mukono yangu itakataa."

Jambo hilo lilinikaa rohoni. Mtu anakubali maneno yako, kisha mkono wake unakataa! Nilikwenda kwa rafiki yangu, nikamkuta baba yake ametoka zamu, amekaa na chai yake. Alitusikiliza, akacheka peke yake.

"Bana ba Kolwezi banaogopa nyekundu?" akauliza. "Sasa baba zenu shi tunafanyaka kazi gani?"

Rafiki yangu na mimi tulitazamana, kisha tukaliangalia jiwe la kijani la mgodini lililozuia mlango usifungwe na upepo. Nyumba zote za Kolwezi zilikuwa na jiwe kama lile.

Siku ya kura, kabla ya kengele, nilipanda juu ya dawati nikiwa nalo mkononi.

"Hii ni rangi gani?"

"Kijani!" wakajibu, na marafiki wa shefu wakapiga makofi, wakidhani nimejisalimisha.

"Inatoka wapi?"

"Mu mine!"

"Baba zetu banaipeleka wapi?"

"Ku usine!"

"Banaitia mu acide. Banaipiga na umeme ya barrage ya Nzilo, ile bwawa. Inatoka rangi gani?"

Niliona wakifikiri, na midomo ya wengine ikaanza kutetemeka kwa kicheko. Ni yule mrefu wa nyuma aliyejibu, polepole.

"Nyekundu."

"Treni inabebaka gani? Ile yenye haiyaiva, ao ile yenye imeiva?"

"Nyekundu!"

Liliitikia darasa zima, kwa sauti ambayo nadhani ilifika kwenye bomba la maji. Na prefe alikuwa amesimama mlangoni.

Neno lile, kwa kelele vile, lingeweza kumfukuzisha mtu shule, na si yeye peke yake. Shefu alisimama haraka, tayari kueleza.

"Kelele ya nini?" prefe akauliza.

"Tuko narudilia chimie, Sitwayeni Prefe," nikasema kutoka juu ya dawati, jiwe mkononi, kana kwamba ni somo la kemia.

Alilitazama jiwe. Alinitazama mimi. Mwalimu wa uraia, aliyekuwa nyuma yake, akapatwa na kikohozi kirefu sana.

"Murudilie polepole," prefe akasema.

Tukapiga kura. Mwalimu wa uraia aliuweka ubao wa magurudumu pembeni kama pazia. Kila mmoja aliingia nyuma yake na kadi mbili, akakuta boksi la maziwa ya unga lenye tundu, na kando yake ndoo yetu ya bluu, ileile ya bombani, imefunikwa. Alitoka mikono mitupu. Mikono mitupu! Marafiki wa shefu waliwatazama watu mikononi, halafu wakatazama sakafu, halafu wakatazamana. Sakafu ilikuwa safi. Yule mrefu alipotoka alijifuta viganja kwenye suruali, na hakuniangalia hata kidogo, nikajua.

Mwalimu alihesabu mbele yetu. Alitoa kijani moja na nyekundu moja, akazilaza pamoja mezani, kisha nyingine na nyingine, safu mbili zikienda sambamba. Sijawahi kuchukia safu mbili kama nilivyozichukia zile. Halafu akatia mkono ndani ya boksi kutafuta kijani, akapekua, akainamisha boksi kuelekea dirishani. Kijani zilikuwa zimekwisha. Akaanza kutoa nyekundu peke yake, akazilaza, akatoa tena, na kila aliyoitoa darasa lilinguruma zaidi. Nilipiga yowe ambalo mama yangu angelisikia angenikana. Rafiki yangu alinirukia shingoni. Shefu wa zamani alikuwa mweupe kama shati lake, kisha, namsifu kwa hilo, akaja kunipa mkono.

Jioni nilimkuta baba akifuta vumbi kwenye kioo cha lori. Nilimweleza yote, kwa pupa, bila mpangilio. Alinisimamisha kwenye sehemu moja tu.

"Bantu balitia nyekundu? Mule mu sanduku?"

"Mingi, baba. Kupita kijani."

Nilikuwa na nyekundu moja mfukoni, niliyoichukua mezani baada ya kuhesabiwa, nikampa. Aliipokea kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole. Aliigeuza mbele na nyuma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama karatasi isiyoandikwa kitu.

"Kumbe ni karatasi tu," alisema.

Jumamosi ilipofika nilijiweka katika nusu ya kwanza ya kufanya kazi, asije mtu akasema nimejipendelea. Kutoka darasani nilisikia chaki ikigonga ubao, na mle ndani walikuwamo rafiki yangu na yule mrefu wa majani, wakirudia hesabu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa ninavuka reli na ndoo kichwani lori la baba lilipokuja kwa barabara ya Fungurume, likasimama ghafla. Alitoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

"Umeshinda, na ungali unachota mayi?"

Sikuweza kugeuka vizuri kwa ajili ya ndoo, kwa hiyo nilinyoosha kidole tu nyuma yangu. Alikuwa anakuja mtoto wa bwana mkubwa, suruali imekunjwa, viatu vimejaa matope, ndoo ameikumbatia kifuani na maji yakimwagika kwenye lile shati la pasi.

Baba yangu, mtu asiyecheka barabarani, alicheka mpaka akaegemea usukani. Alipiga honi, akaiachia, akaipiga tena, na watu wakatoka majumbani kuona kuna nini.

"Haya, shefu," aliniambia. "Mayi isimwangike."

Lilipoondoka ndipo nilipoiona ile kadi. Alikuwa ameichomeka kwenye kona ya kioo cha mbele, upande wake wa kuendeshea, ambapo kila askari wa njiani angeiona. Lori likaenda zake Fungurume na nyekundu yake, na mwaka ule wote, na uliofuata, liliendelea kwenda huko bila mimi.