Kinyonga wa kwenye mpera, na dakika tano za Makokha

Wakuu, salamu kwenu, mliopo kazini na mliolala mchana.

Humu jukwaani mimi ni wa kusoma tu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita kuna ndugu aliuliza jinsi ya kumshika kinyonga bila kumuumiza, na nyinyi mkamjibu amshike na jembe. Mimi nimeishi na mmoja. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni msichana wa huku Shianda, Kakamega. Shule niliachia darasa la nane, sasa napalilia miwa. Kuandika kwangu ni polepole, mnivumilie.

Kwanza muelewe hali ya huku. Miwa imerudi kwa nguvu. Watu wameng'oa mihogo, wameng'oa ndizi, wamepanda miwa mpaka karibu na mlango. Ukifungua dirisha jani linakugusa shavu.

Vichaka vimeisha. Ndiyo maana vinyonga wanaonekana kila mahali, njiani, kwenye kamba za nguo, hata ukutani kanisani. Hawana pa kwenda.

Na mnawajua watu wetu. Kinyonga akionekana, mmoja anakimbia, mwingine anatafuta fimbo.

Wangu nilimpata nikipalilia. Alikuwa kwenye mpera mdogo mpakani, kati ya shamba letu na la jirani. Mama mmoja wa kundi letu akainua jembe. Nikasema, "Mwache." Wote wakanigeukia, kwa sababu kazini mimi huwa siongei.

Jioni nikamwambia Kukhu, ndiye nyanya yangu aliyenilea, kwamba nataka kumleta nyumbani.

"Huyo haingii boma hii."

"Kukhu, hana sumu."

"Nani amesema sumu? Wewe hujui alichotufanyia?"

Hadithi yenyewe wengi wa huku mmeisikia. Zamani kinyonga alifika kwa mtu akiwa na njaa, akaomba chakula, mtu akamfukuza. Kinyonga akasema basi, nyinyi mtakufa. Akaenda kwa nyoka, nyoka akampa, ndiyo maana nyoka huvua ngozi akaanza upya na sisi tunazikwa.

Nikafikiri kidogo. Nikamuuliza, "Sasa kama kosa lilikuwa chakula, si tungempa?"

Kukhu akanisogezea sufuria.

"Osha vyombo," akasema.

Hapo ndipo nilipoamua. Kama nyumbani haingii, nitamtunza palepale kwenye mpera. Kila mchana, wenzangu wakipumzika kula, mimi nitaenda kwake. Sikutaka kushindwa.

Sasa makosa yangu.

La kwanza, siku ya kwanza kabisa nilimshika kwa juu, mgongoni, kama mtu anayeokota embe. Akawa mweusi ghafla, akajijaza hewa, akafungua mdomo na kufoka kama sufuria inayochemka. Kisha akaniuma kidole. Damu haikutoka lakini niliruka mpaka nikakanyaga jembe.

Baada ya hapo kila nilipokuja alizunguka upande wa pili wa tawi akajificha. Nikienda kulia anaenda kushoto. Siku nne hivyo.

Nilikuja kuelewa nikiangalia kuku. Kipanga akipita juu, vifaranga wote wanalala chini. Kumbe kwa mnyama mdogo, kitu kikija kutoka juu ni kifo. Mkono wangu ulikuwa kipanga.

La pili ni maji, na hili karibu limuue. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Nikafunga kifuniko cha mkebe kwenye tawi, nikajaza maji, nikajiona nimefanya wema. Siku zikapita, maji hayapungui, na macho yake yakawa yanazama ndani kama ya mgonjwa. Nilidhani ananichukia mpaka maji yangu anakataa.

Asubuhi moja nilifika mapema, umande bado upo. Nikamwona analamba jani.

Kumbe yeye haoni maji yaliyotulia. Anaona tone. Nikachukua chupa yangu ya kunywa, nikatoboa kifuniko kwa mwiba, nikayadondosha juu ya majani polepole. Alikunywa mpaka mkono wangu ukauma, na sikuushusha.

Kuanzia hapo tulianza kuelewana.

Chakula ni panzi. Awe hai, anayeruka, mdogo kuliko kichwa chake. Usichukue panzi wa shamba lililopuliziwa dawa ya magugu, nenda mbali kidogo utafute wa kwenye nyasi safi. Mimi nilianza kwa kumshikilia panzi kwenye kijiti kirefu. Baadaye kijiti kifupi. Baadaye kwenye vidole. Ule ulimi ukitoka unashtua, lakini hauumi, ni kama kuguswa na gundi.

Mkono nao unauweka chini yake, mbele ya kifua, umefunguka. Halafu unangoja. Humvuti, humsukumi. Akiwa mweusi au akijijaza, ondoa mkono urudi kesho.

Wiki ya tatu aliweka mguu mmoja kiganjani, akautoa.

Wiki ya tano akapanda wote. Miguu yake inashika kidole kama mtoto mchanga anavyoshika. Nilikaa naye muda mfupi tu, nikamrudisha, nikaenda kunawa mikono mtoni. Sitawadanganya kwamba alinipenda. Alikuwa ameacha kuniogopa, na kwangu hiyo ilitosha.

Wakataji miwa wakajua. Mmoja anaitwa Shikuku, mdomo wake haufungiki. Kila akipita:

"Mama Kinyonga, mzee ameamkaje?"

Nang'oa gugu.

"Mwambie alete mahari. Lakini atoke leo, ndio afike Krismasi."

Wanacheka. Mimi nainama napalilia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Miwa ya jirani ilikuwa imekomaa. Mwenye shamba akaamua ichomwe kwanza, majani yaishe, ikatwe upesi. Mimi sikuambiwa, nani angeniambia? Nilikuwa upande wa pili wa shamba letu, nikasikia matrekta yananguruma, nikauliza, mama mmoja akasema, "Si wanachoma leo."

Mpera uko mpakani. Hatua mbili kutoka miwa ile.

Nilikimbia na jembe mkononi, sijui kwa nini sikuliacha.

Nilikuta wanaume kama kumi, na nyapara wao, Makokha, ameshika mwenge wa majani makavu na kiberiti. Matrekta matatu yanangoja barabarani na matrela matupu. Nikasimama mbele ya Makokha.

"Nini wewe?" akauliza.

"Subirini kidogo. Kuna kinyonga. Kwa mpera."

Walicheka mpaka dereva mmoja akazima trekta asikie vizuri.

"Amekuja kuchukua mzee," Shikuku akasema. "Mama Kinyonga, mbebee na viatu."

Makokha yeye hakucheka. "Binti, upepo umetulia sasa hivi. Ukianza tena, huu moto utaenda mpaka kwenu. Toka hapo."

"Sitoki."

Nilisema hivyo, wakuu. 

Makokha akaangalia saa yake. Akaniangalia mimi. "Dakika tano. Ya sita nawasha, uwe hapo usiwe hapo."

Nikatupa jembe nikaenda kwenye mpera. Kelele za watu zilikuwa zimemtisha, amepanda tawi la juu, rangi yake nyeusi kabisa. Wale wanaume wakanifuata kwa mbali, wakasimama.

"Mvute mkia," mmoja akasema.

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko yote. Mkono ulifika. Ningeweza kumnyakua. Lakini kinyonga akivutwa anang'ang'ania tawi kwa miguu yote, na mguu unavunjika kabla hajaachia. Na akiokoka, nimerudi kuwa kipanga.

Nikauweka mkono chini yake, mbele ya kifua, kama siku zote. Nikangoja.

"Moja," Makokha akasema.

Jicho moja likanitazama, jingine likabaki kwa wale watu.

"Mbili."

"Anangoja avae koti," Shikuku akasema, wakacheka, naye kinyonga akarudi nyuma hatua moja.

Nikageuza kichwa nikasema, "Nyamazeni."

Sikupaza sauti. Walinyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini, labda kwa sababu hawakuwahi kunisikia nikimwamuru mtu.

"Tatu," Makokha akasema, lakini chini chini.

Mguu mmoja ukashuka, ukayumba hewani kama jani, ukagusa kidole changu. Ukatoka. Ukarudi. Kisha wa pili. Mkono wangu ulikuwa unawaka kwa kukaa juu, na jasho linaingia machoni, sikupangusa. Miguu ya nyuma ilikaa kwenye tawi muda mrefu sana. Halafu ikaachia moja, ikaachia nyingine, na mkia ukajizungusha kwenye kidole changu cha mwisho.

Ndipo nikagundua kwamba Makokha hakusema nne. Dakika tano zilikuwa zimepita, nina hakika. Alikuwa amesimama tu na kiberiti.

Nilipopita karibu naye, wanaume wote wakarudi nyuma, Shikuku wa kwanza.

"Kwani haumi?" akauliza akiwa mbali.

"Anauma ukimshika vibaya."

Moto ukawashwa. Nikageuka nikauona mpera ukijikunja majani, mara ukashika.

Basi mahali pake pakawa pameisha. Nyumbani amekatazwa. Nikaenda nyumbani.

Kukhu alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikasimama mlangoni mwa boma, sikuingia.

"Kukhu, mpera umeungua. Hana mahali."

Akautazama moshi. Akautazama mkono wangu. Akapukuchua hindi aliloshika mpaka likaisha.

"Weka kule kwa maua, nyuma ya bafu," akasema. "Usimpitishe jikoni."

Nikamweka, nikadondosha maji kwenye majani, akanywa.

Jua lilipokaribia kuzama nilisikia hatua nyuma yangu. Kukhu hakufika karibu. Alisimama hatua kama sita, uso umegeukia pembeni, ameshika panzi ndani ya jani la boga. Huyu mama ana miaka mingi na magoti mabaya. Sijui alimkamata vipi.

"Mpe," akasema. "Asije akasema hata mara hii tumemnyima."

Hayo ndiyo yaliyonipata, wakuu.

Nililojifunza ni kwamba mnyama huyu hashikwi. Unamwekea mkono, yeye ndiye anaamua. Anayetaka haraka achague mnyama mwingine.

Siku hizi kabla ya kuchoma shamba lolote la karibu, Makokha huuliza kwanza, "Mama Kinyonga, umepita?" Napita mpakani na kijiti na ndoo, nikimpata mmoja anapanda kijiti mwenyewe, nampeleka kwenye vichaka vya mtoni. Halafu ndio wanawasha.

Kama kuna aliyewahi kukaa na kinyonga aniambie wake alikunywaje maji, na kama kuna jambo nimelisema vibaya nirekebisheni. Na wewe uliyesema ashikwe na jembe, nimekusoma. Karibu Shianda, nitakuonyesha mkono unawekwa wapi.