Dozi ya Ngano ya Mteremkoni

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivae gambuti na nisiguse chupa yoyote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Bibi Shamba wa kata yetu hapa Shume alihitaji mtu wa hesabu. Kwa kuongea sikumfaa. Kwa kugawanya nilimfaa. Nawaandikia mtakaoshika kazi hii baada yangu.

Dawa ya magugu kwenye ngano inatakiwa iue majani mapana na kuiacha ngano. Ikipungua, magugu yanalala siku mbili, yanaamka. Ikizidi, ngano yenyewe inaungua, inakuwa njano. Chupa inaonyesha kiasi cha ekari moja, lakini sisi tunatumia pampu ya mgongoni, kwa hiyo lazima ujue kwanza pampu moja inamaliza eneo gani. Unaijaza maji matupu, unanyunyizia kipande ulichopima kwa kamba, unaangalia maji yamepungua kiasi gani. Hapo ndipo unagawanya. Wengi hawapimi. Wanatia vizibo viwili vya chupa kwa kila pampu, basi.

Shamba letu la majaribio lilikuwa la Mzee Yusufu. Msimu uliopita vizibo vilimuunguzia ngano yote.

"Ikiungua tena," alimwambia Bibi Shamba, "nang'oa, napanda kabichi, na ngano usinitajie maisha."

"Haiungui, mghoshi," alijibu, akimwita mzee kwa Kisambaa. "Mwaka huu nina mtaalamu."

Akaninyooshea kidole. Nikatazama gambuti zangu.

Nilipimia kwenye uwanja wa mpira wa shule, maana ndiyo sehemu tambarare tuliyo nayo. Hesabu ikakubali. Asubuhi iliyofuata Mzee alibeba pampu yenye dawa, akaanza kupanda na mteremko.

Ndipo nikaona. Alipanda hatua, pumzi, hatua, huku mkono ukipampu kwa kasi ileile. Mimi uwanjani nilitembea haraka. Kila alipopita, dawa ilimwagika karibu mara mbili ya nilivyopanga. Hesabu yangu ilikuwa ya uwanja wa mpira.

Nilikuwa sijawahi kumkatiza mtu mzima. Alimaliza mstari mzima nikiwa nimesimama tu. Mwishowe nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Si umeshaniamkia wewe?"

"Nimekosea, babu. Naomba usimame."

Bibi Shamba alikuja mbio, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nilikuona ukienda uwanjani, nikanyamaza," alisema. "Mzee, tua pampu. Tunapima upya, hapa hapa."

Tulitumia pampu ya pili yenye maji, kwa mwendo wa Mzee mwenyewe, akikata mteremko kufuata matuta. Dozi mpya ya kila pampu ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza.

Baada ya wiki mbili magugu yalikuwa yamesinyaa na ngano imesimama kijani, isipokuwa mstari mmoja wa njano kutoka chini hadi juu. Nilimwomba Mzee nikaung'oe.

"Uache. Ngano nabaki nayo. Jumamosi naita majirani, na huo mstari utaueleza wewe."

Leo nimerudisha gambuti, naenda kidato cha tano. Msimu mmoja tu, sina cheo cha kujisifia. Ila Jumamosi ile nilieleza kosa langu lote nikitazama udongo, kwa sauti yangu hii ndogo. Wazee walisogea, wakapandisha kofia za sufu juu ya masikio, wakainama. Hakuna aliyeniambia niongeze sauti.