Tangi la Samaki Pale Mapokezi

Mimi ni mzaliwa wa Uvinza, na mtu wa Uvinza humwambii kitu kuhusu chumvi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kosa langu la kwanza lilitoka wapi. La pili lilitoka mdomoni mwangu tu, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa na gesti ya vyumba tisa pale Mwanga, mjini Kigoma, jirani na soko. Wageni hawakukauka: madaktari, madereva wa malori ya chakula, watu wa kuandika ripoti. Mmoja wao, daktari Mzungu, alisafirisha kwa treni tangi kubwa la kioo kutoka Dar es Salaam, akitaka kufuga samaki wa baharini chumbani kwake. Usiniulize samaki wa baharini angewapata wapi Kigoma. Kabla hajalijaza alihamishwa, akaniachia tangi, mashine ndogo ya kusukuma hewa ndani ya maji, na kitabu cha maelekezo. Gesti ya jirani yangu ilikuwa na televisheni mapokezi. Nikasema mimi nitaweka samaki.

Kitabu nilikisoma mwenyewe, na Kiingereza changu cha kidato cha nne hakikuniangusha. Kilisema maji yatiwe chumvi, kikataja na kipimo. Kwamba chote kiliandikwa kwa ajili ya samaki wa baharini nililiona, nikalipita, maana kwa akili yangu ya siku zile samaki ni samaki. Nikajaza tangi maji ya bomba, nikatia chumvi ya nyumbani kwetu, nyeupe safi, na nikazidisha kidogo kwa mapenzi. Wavuvi wa Kibirizi waliniletea kwenye beseni samaki kumi na wawili wa kwenye miamba, wale wadogo wenye rangi ambao hakuna anayehangaika kuwala. Niliwamimina asubuhi. Kufika adhuhuri wote walikuwa wanaelea.

Aliyenikuta nimesimama pale ni mama aliyekuwa akinifulia mashuka. Alikuwa mkimbizi kutoka Bujumbura, amenizidi miaka kama kumi, mtu wa maneno machache. Alichovya kidole kwenye maji, akaonja, akanitazama.

"Mama, umewatia chumvi wakiwa hai?"

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena kwa kuwa wageni wawili walikuwa wamesikia. Ndipo akanieleza kwamba kwao alifanya kazi miaka tisa kwa tajiri mmoja aliyekuwa akiwapeleka Ulaya kwa ndege samaki wa mapambo wa ziwa hilihili. Wapiga mbizi waliwatoa majini, yeye akawatunza kwenye matangi mpaka siku ya safari. Miezi mitano mizima alikuwa anakunja mashuka yangu, na sikuwahi kumuuliza alikuwa nani kabla hajawa mkimbizi. Niliona haya, lakini haya yangu huwa hayadumu. Siku hiyohiyo nilimtoa kwenye mashuka nikamkabidhi tangi.

Kulikuwa na sababu nyingine, kubwa kuliko televisheni ya jirani. Mkimbizi makazi yake yalikuwa kambini, kule njia ya Kasulu, na kukaa mjini kulitaka kibali. Chake kilikuwa kimebakiza miezi mitatu. Kambi haikumtisha kwa hema wala kwa chakula. Walipovuka ziwa walipakiwa kwenye mitumbwi miwili, na ule uliombeba binti yake haukufika. Wengine walisema uligeuza, wengine walisema ulielekea upande wa Kongo. Kwa hiyo kila siku alishuka Kibirizi, boti zinakotia nanga, akamuuliza kila anayeshuka kama ameona msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kovu la moto mkono wa kushoto. Kutoka kambini ziwa halionekani. Na afisa wa vibali alikuwa ametuambia bila kuzunguka: ataongeza muda kama kazi anayoifanya hakuna mwenyeji anayeiweza. Kufua hakukuwa kazi ya namna hiyo. Kufuga samaki ndiyo ilikuwa.

Tuliosha tangi mara tano. Maji ya bomba aliyakataa kwa sababu ya dawa. Akawa anateka ziwani, mbali na mafuta ya boti, dumu moja kichwani na jingine mkononi, na safari hiyohiyo ndiyo aliyoulizia habari za binti yake. Mchanga aliuosha kama anaosha mchele. Mawe aliyapanga yakaacha mapango na vichochoro, na pembeni akaacha uwanja wa mchanga, akatawanya nyumba tupu za konokono. Nikadhani sasa tunaweka samaki. Akasema bado, maji mapya hayana uhai, yaachwe wiki tatu. Wiki tatu! Mgeni mmoja aliniuliza kama nafuga mawe.

Lakini walipoingia, waliingia kukaa. Wadogo kabisa walichukua kila mmoja nyumba yake ya konokono, wakaizika mchangani ukabaki mlango tu, na akipita mwingine wanatoka kumfukuza kama wenye hati ya kiwanja. Wa kwenye mawe walikwangua ukungu wa kijani kutwa nzima. Hao nilitaka kuwapa dagaa waliosagwa, akanishika mkono.

"Oya, mama," alikataa kwa lugha ya kwao. "Nyama itawajaza tumbo, wafe."

Nilijifunza kila kitu. Nilijua maji ya kupunguza kila wiki na ya kuongeza, nilijua samaki aliyenyauka na aliyenuna tu. Umeme ukikatika, na Kigoma ulikatika upendavyo, mashine ya hewa ilizimika, naye alichukua kopo akawa anachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu, polepole, mpaka umeme urudi. Ndivyo walivyofanya kwao. Nikajifunza na hilo. Wageni walivuta viti wakatazama, nami nikawaeleza, na kwa kweli nilieleza vizuri. Jambo likishaingia kichwani mwangu halikubali kukaa kimya.

Kibali kikiwa kimebakiza siku tatu, afisa alikuja asubuhi na faili lake. Alikuwa mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo kwa adabu, nikamwagizia chai. Mama wa samaki alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na kusimama kando ya tangi. Afisa akamuonyesha samaki mmoja aliyejificha nyuma ya jiwe, mashavu yamevimba, akauliza kama anaumwa. Yeye alikuwa mtu wa kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Mimi sikuwa mtu wa kungoja.

Nikamwambia huyo haumwi, amebeba watoto mdomoni, na hatakula mpaka awatoe. Afisa akastaajabu. Ule mshangao wake ulinilewesha. Akauliza maji yanatoka wapi, nikajibu mimi. Akauliza wa nyumba za konokono, nikajibu mimi, na hadithi juu yake. Na kana kwamba hayo hayakutosha, umeme ukakatika palepale, nami nikakunja mkono wa gauni, nikachukua kopo, nikaanza kuchota na kumimina huku naendelea kuzungumza.

Afisa alicheka kwa furaha ya kweli. Kisha akafunga faili.

"Mama, kazi hii unaiweza mwenyewe."

Kopo lilibaki mkononi. Nilimwambia haraka kwamba yote nimefundishwa naye, kwamba bila yeye mimi ni mtu wa kutia samaki chumvi. Akasema anaamini, na kwamba amenifundisha vizuri sana. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichokiona, na alichokiona nilikuwa mimi.

Lori la kambini lilimpitia siku ya tatu yake. Siku hizo tatu sikuweza kumtazama usoni. Nililia jikoni, nikajitukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Asubuhi ya kuondoka alibadilisha maji kama kawaida, akafuta kioo, akafunga mzigo wake kwenye shuka nililompa. Nilianza kuomba radhi, akainua mkono kunizuia.

"Ulijibu vizuri, mama. Hukukosea hata moja." Nilitafuta kejeli usoni mwake, sikuiona, alikuwa mwalimu anayemrudishia mwanafunzi daftari. Kisha akasema, "Sasa maji utateka wewe. Ukifika Kibirizi, uulize."

Jumatatu nilishuka na madumu mawili. Boti ya kwanza ilikuwa na watu kama thelathini, nikawauliza mmoja mmoja: kovu la moto, mkono wa kushoto.