Chuo Nilichomchagulia Dada

Tulikuwa manesi wawili wa daraja la chini katika zahanati moja ya Voi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, mtu wa Wusi, kijiji cha milimani karibu na Wundanyi. Yeye thelathini na minane, mzaliwa wa Voi, ambaye babu yake alipanda kutoka Mombasa kufungua duka. Yeye ndiye aliyenifundisha kupata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Nilimwita dada.

Miaka ile ya tisini ndipo tuliposikia kwamba mtu anaweza kusomea digrii ya uuguzi kwa njia ya posta. Vitabu vinakuja kwa bahasha, majibu yanarudi kwa bahasha. Kwa dada haikuwepo njia nyingine. Mume wake, karani wa zamani wa reli, alikuwa amepooza upande mmoja, na hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani.

Tuliandikia vyuo vitatu. Majibu yalipofika niliyapeleka kwake Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana. Aliyatazama kidogo, akanirudishia.

"Kizungu cha hawa watu kirefu," alisema. "Soma wewe, mdogo wangu. Utakachochagua ndicho hicho."

Chuo cha kwanza kilitaka kidato cha sita, tukakiweka kando. Cha pili kiliandika wazi kwamba cheti chake kinakubaliwa na ofisi ya usajili wa manesi Nairobi, lakini mwombaji afanye kwanza mtihani Mombasa, hesabu na kemia. Mazoezi ya wodini yangefanywa hospitali ya karibu. Cha tatu hakikutaka mtihani wowote. Kilileta picha ya jengo la mawe na wanafunzi wanaocheka. Kuhusu usajili, hata neno moja.

Katika mtihani wa namna ile nilikuwa nimeshaanguka mara mbili. Dada hakujua. Nilijua pia kwamba yeye angeupita, kwa sababu vipimo vya dawa alivikokotoa kichwani huku mimi natafuta kalamu. Nikaona angepanda daraja akaniacha pale pale.

"Hiki cha pili?" aliuliza.

"Hakichukui waliopita miaka thelathini na mitano," nikasema.

Hakubisha. Aliikunja ile karatasi vizuri, akasema, "Basi hicho si changu." Tukajaza fomu za chuo cha tatu.

Tulisoma pamoja kila Jumamosi, pembeni ya kitanda cha mume wake ili asijione ametengwa. Dada akitaja mifupa kwa sauti, mume anarudia kwa ulimi wake mzito, na akikosea wanacheka wote wawili. Nilicheka nao. Kuna siku nilifungua mdomo nimwambie, nikauliza kama chai imebaki.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Wundanyi, nikaacha kozi ile. Nilimwambia kazi zimenizidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kujiandaa kwa mtihani wa Mombasa, na safari hii nikaupita. Yeye aliendelea peke yake miaka mitatu zaidi, hata baada ya mumewe kufariki, mpaka cheti kikaja.

Alikipeleka Nairobi, kwenye ofisi ya usajili. Aliporudi nilishuka Voi kumwona. Alikuwa anachambua mchele.

"Wamesema chuo chetu hawakijui," alisema. "Hakimo kwenye orodha yao."

Hilo neno "chetu" lilinishinda. Nikamwambia yote: kwamba kile cha pili hakikuwa na sharti la umri, kwamba niliogopa mtihani, kwamba sasa nasoma huko huko.

Aliendelea kuchambua mchele.

"Ungeniambia tu twende sote Mombasa," alisema mwishowe. "Hesabu ningekufundisha."

Alinipikia, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Nilimsihi aombe nafasi kwenye kile chuo cha pili. Akasema arobaini na mbili imefika, na mume aliyekuwa akishindana naye kutaja mifupa hayupo tena. Alisema hivyo bila hasira, na mimi nilitamani akasirike.

Nilihitimu, nikarudishwa Voi kuwa msimamizi wa zahanati ile ile. Kwa miaka mingi ruhusa zake za likizo zilipita mezani kwangu nizitie sahihi. Alifika mapema kuliko wote na hakuwahi kunitajia jambo lile, wala sikusikia amemwambia mtu.

Alistaafu na daraja lile lile aliloanza nalo. Siku ya kumuaga niliombwa niseme machache. Nilisema ana mikono myepesi, na kwamba watoto wengi wa Voi wako hai kwa ajili yake. Yote yalikuwa kweli. Watu wakapiga makofi, naye akapiga kidogo, nikakaa chini.