Basi Lisilongoja Treni

Jirani yangu Reinhild Kuhnert anafua mashuka ya hospitali mjini, na kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa gari lake dogo la kijani. Kijijini kwetu, huku vilimani Hesse, Ujerumani, mtu asiye na gari huhurumiwa kama aliyevunjika mguu. Ndiyo maana hakumwambia mtu ila mimi kwamba tangu gari limteleze darajani kwenye barafu, kila asubuhi hukaa kwenye usukani akimwomba Mungu kabla ya kuwasha.

"Siku moja nitamgonga mtoto wa watu," aliniambia. "Na kazi nikiacha, nitakula nini?"

Ndipo serikali ikashusha bei ya tiketi ya mwezi ya treni na mabasi. Kwa muuza mikate hapakuwa na habari nyingine. Kila mtu akanunua, hata shemeji yake Gernot, ambaye hutoa gari hata akienda kutupa chupa tupu. Lakini mwezi haukuisha, magari yote yakarudi barabarani.

"Bei imeshuka, shemeji, sawa," Gernot alimtania. "Ila basi lenyewe liko wapi? Nitapanda nini, tiketi?"

Reinhild yeye aliendelea na tiketi yake. Asubuhi alikuwa anasafiri vizuri tu, shida ilikuwa jioni. Treni yake ilikuwa ikiingia stesheni ya bondeni, basi la kijijini nalo ndiyo linatoka. Lililofuata lilikuja usiku. Akawa anapanda kilima kwa miguu gizani, malori yakimpita ubavuni.

"Jumatatu narudi kwenye gari," aliniambia. "Nimeshindwa, dada."

Mimi na bibi Lore husafisha kanisa la pale bondeni, na hurudi na basi hilohilo. Ijumaa ile nikajipa moyo, nikamwendea dereva pale stesheni, Bwana Dross, mtu mwema lakini mtumwa wa saa.

"Baba, ingoje treni kidogo tu."

"Ratiba ni ratiba, mama. Na ndani ya treni hiyo hamna mtu wa kwetu. Nyinyi wote mna magari."

"Reinhild yumo."

"Reinhild? Si ana gari!" Akatia gia.

Bibi Lore alikuwa bado mlangoni na Purzel, mbwa wake mzee wa miguu mifupi. Purzel alikuwa amekaa kitako kwenye ngazi. "Panda, mwanangu, panda," bibi akambembeleza, na mimi naona kwa macho yangu kamba ya mbwa anaivutia nje.

"Bibi Lore, mtoe mbwa mlangoni!"

"Mgongo unamuuma. Utamfungia mlango kiumbe wa Mungu?"

"Basi mbebe!"

"Kwa kiuno hiki? Shuka umbebe wewe, una mikono ya bure hapo."

Bwana Dross akashuka akinung'unika, akamkumbatia Purzel, na Purzel akamlamba shavu. Papo hapo treni ikaingia. Reinhild akatoka mbio, koti wazi, na nyuma yake wauguzi wawili na fundi wa meno.

Dereva akabaki na mbwa mikononi. "Hawa wote ni wa kwetu?"

"Wa kwetu ndiyo!" muuguzi mmoja akamjibu. "Mume wangu anakuja kunichukua na gari kila siku, maana wewe hungoji mtu!"

Bwana Dross akamrudishia bibi mbwa, akapanda, akashika redio, akaiuliza ofisi kama anaruhusiwa kungoja treni.

"Ruksa," redio ikasema. "Tangu zamani ni ruksa. Kwani nani alikukataza? Hujawahi kuuliza."

Uso ukamwiva kama nyanya. "Na nyinyi mbona hamkuuliza?" akatugeukia. Sisi watu wa huku tukiona kitu kimepigwa chapa, tunadhani kimeshuka na amri za Musa.

Jumatatu jioni basi lilikuwa limesimama milango wazi, Bwana Dross nje, anachungulia reli. Reinhild akaingia bila kukimbia, akakaa dirishani, akaegemeza kichwa. Kabla ya kona ya kwanza alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.

"Mwamshe, atapitiliza kituo," bibi Lore akaninong'oneza.

"Mwache kwanza," nikamwambia, nikimshukuru Mungu moyoni. "Bado mbali."