Kigari cha Tiara na Nyundo ya Kaka

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Nina banda Nyahanga, pale Kahama, na wateja wangu wengi ni wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kwa hiyo chuma chembamba huwa nakidharau hata kabla sijakishika. Kaka yangu analijua hilo. Aliponipigia simu kwamba mzigo wake umefika Shinyanga, hakusema njoo uuone. Alisema, "Njoo ukague. Beba na nyundo."

Kaka alikuwa mchimbaji huko Geita. Kwenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia, kulikuwa na desturi isiyo na mjadala: anayekagua kamba ya winchi ndiye anayeshuka kwanza. Ukisema ni nzima, ithibitishe kwa mwili wako. Asubuhi ya ajali kaka ndiye aliyekagua. Aliipitisha kamba yote mikononi, akasema nzima, akashuka. Na kweli kamba ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni gogo lililoshikilia winchi, ambalo hakuna aliyefikiria kuligonga. Tangu hapo miguu yake imekufa kuanzia kiunoni, na anaishi kwa mama, hapo Shinyanga upande wa Ibadakuli, kwenye kiti cha magurudumu ambacho kikiingia mchangani hakitoki mpaka aje mtu wa kukisukuma. Mara nyingi mtu huyo ni mama, na mama amezeeka.

Nilipofika kaka alinionyesha video kwenye simu kabla hata sijanywa maji. Mzungu mmoja kakaa kwenye kigari cha magurudumu matatu, makalio karibu yaguse ardhi, tiara kubwa liko juu, na upepo unamkimbiza kwenye uwanda mkavu hadi vumbi linabaki nyuma.

"Tazama miguu yake," kaka akasema. "Imelala tu, kama yangu."

Niliitazama. Ilikuwa imenyooshwa mbele, imetulia. Na uwanda ule ulifanana na mbuga yetu ya mpunga baada ya mavuno. Kaka alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho na kuagiza kigari cha namna hiyo, kile cha bei ya chini kuliko vyote. Tiara lilitangulia kufika, na kwa muda wote wa kusubiri kigari alikuwa anajifunza kulirusha, kiti chake kimefungwa kwenye mwarobaini ili upepo usimburute. Mabega yake yalikuwa yamerudi kama ya zamani.

Mama alinivutia pembeni, kwenye turubai alikokuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu.

"Mwanangu, wewe sema kibovu. Ukisema wewe, fundi, atasikia. Ameshaanguka mara moja, inatosha."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, nikikuta kibovu nitasema kibovu. Lakini siwezi kukisingizia chuma."

Aliendelea kugeuza michembe yake.

Nikakikagua kama ninavyokagua vitu vyote, kwa kugonga na kusikiliza. Chuma kizima hulia, sauti ikakaa kidogo kabla ya kupotea. Chenye ufa hutoa sauti ya kopo. Nilikwenda nikitarajia kopo, nikiwa na matusi yangu tayari. Ekseli ya nyuma ililia. Fremu ililia kulia na kushoto. Nikakwangua rangi kwenye mishono, kwa sababu rangi nyingi huficha uchafu, nikakuta mishono ya mtu anayejua kazi. Bolti ndizo zilikuwa za ovyo, laini kama sabuni, nikazibadilisha zote. Beringi zilikuwa kavu kabisa, nikazijaza grisi. Kitambaa cha kiti mama alikishona upya kwa uzi wa magunia, amenuna, lakini alishona vizuri kwa kuogopa mwanawe asianguke.

"Usukani uko wapi?" niliuliza wakati nafunga gurudumu la mbele. Lilikuwa na vyuma viwili vifupi vimetokeza huku na huku, nikadhani ni pa kupumzishia nyayo.

Kaka alicheka. "Mkokoteni una usukani? Ng'ombe wakikata kona, mkokoteni unafuata. Tiara ndilo ng'ombe."

Jibu hilo lilinitosha. Sisi tumekulia nyuma ya mikokoteni, na hatujawahi kuona kitu cha kukokotwa kinachojiongoza chenyewe.

"Kitabeba," nikasema.

Kaka akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Geita. "Basi desturi unaijua," akasema. "Aliyekagua anashuka kwanza."

Jirani alitubeba kwa mkokoteni wake hadi mbugani, kaka, kiti chake na kigari. Ulikuwa mwezi wa nane, udongo umekauka na kupasuka, upepo unavuma bila kupumzika. Nilimweka kaka kwenye kiti chake, naye akaanza kunifokea kama niko kwenye gwaride: shika hivi, vuta kushoto, legeza, usiwe na papara. Nikakaa kwenye kigari, nikaegesha miguu kwenye vile vyuma vya mbele, nikalipandisha tiara.

Sitaficha, nilifurahi. Kiliondoka taratibu, kisha kikashika kasi, mabua ya mpunga yakawa yanapita chini yangu na mimi napiga kelele peke yangu mbugani. Kaka alikuwa sahihi. Hiki kingempeleka mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumsukuma.

Mbele kukatokea tuta la jaluba, ukingo wa kuzuia maji ya mpunga. Nikavuta tiara kushoto kama nilivyofundishwa. Tiara likaenda kushoto. Kigari kikaendelea kuliendea tuta, upande mmoja ukaanza kunyanyuka, na kabla sijawaza mguu wangu wenyewe ukasukuma kile chuma cha mbele. Gurudumu likapinda. Nikapona.

Nikasimama palepale. Nikarudia polepole, nikiwa nimeilegeza miguu kabisa, kama ya kaka. Hakikukata kona. Nikasukuma kwa unyayo, kikakata. Nikawaza kukiwekea usukani wa mkono, mimi ndiye fundi, nikatazama mikono yangu yote miwili imekamata kamba za tiara. Yule Mzungu wa kwenye simu hakuwa amelaza miguu. Alikuwa anaendesha.

Niliangusha tiara nikabaki nimekaa. Kaka alikuwa mbali, mdogo ndani ya kiti chake, ameinua mikono juu anashangilia. Sauti yake ilinifikia vipande vipande. Chuma kikiwa kibovu mtu hutukana kiwanda, akalala. Ningemwambia ukweli, angemtukana nani?

Nilikivuta kigari hadi alipokuwa.

"Zamu yangu," akasema. "Ninyanyue."

"Hapana, kaka. Kibovu. Fremu imepata ufa, nimeusikia pale kwenye tuta. Chuma chenyewe ni takataka."

"Si ulisema kitabeba?"

"Kimenidanganya."

Akanyoosha mkono. "Nipe nyundo."

Ningeweza kusema nimeisahau, lakini ilikuwa imening'inia kiunoni mwangu, anaiona. Nikampa. Akainama kutoka kwenye kiti, akagonga fremu upande wa kulia. Ililia, sauti ikakaa, ikapotea na upepo. Akagonga kushoto. Ikalia vilevile. Akagonga ekseli. Halafu akalifikia gurudumu la mbele, akagonga kile chuma kifupi cha unyayo, na gurudumu likapinda kidogo kwa pigo lile la nyundo.

Akakigonga tena, sasa polepole. Likapinda tena. Akakitazama kile chuma, kisha akaitazama miguu yake iliyofungwa kwa mkanda kwenye kiti isije ikaanguka njiani. Jirani alianza kuwarudisha ng'ombe kwenye nira.

"Umesema kina ufa," kaka akasema.

"Ndiyo, kaka."

Akanirudishia nyundo, mpini ukiwa upande wangu.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye uliyeshuka kwanza."