Chuma cha Mkono Mmoja

Juzi kijana mmoja aliingia gym yangu, ambayo Bagamoyo nzima haina mfano wake, akanyanyua chuma kwa mkono wa kulia peke yake. Nikasikia harufu ya kutu ya kwetu.

Chuma chetu baba alikitengeneza kwa bomba la maji, na kila ncha kopo la rangi lililojaa zege. Alasiri moja utotoni, nilichotaka ni aniite mwanamume, basi.

"Usikisukume," alisema. "Kiweke begani, halafu inama wewe, uingie chini yake. Mkono utanyooka wenyewe."

Nikainama, mkono ukanyooka, nikasimama nacho huku natetemeka.

"Ehee! Mwanamume huyo!"

"Baba, mbona mkono mmoja tu?"

"Kwani wewe wali unakula kwa mikono miwili?"

Nikaamini ni adabu, kwamba wa kushoto haustahili. Mama akacheka, akaja kumfunga baba vifungo vya shati kama kila siku. Nikadhani ni mahaba.

Shule sikusoma sana, ila sasa najua mkono wa kushoto wa baba ulikuwa umepooza. Na mahaba nayo yalikuwepo.